Baba A chanya, mama A chanya, mtoto katoka O hasi: inakuwaje?

Dada mmoja kaniandikia, nafupisha maneno yake: yeye ni A chanya, mumewe A chanya, mtoto wa kwanza wa kiume naye A chanya. Binti yao wa pili ana miaka mitatu, juzi kapimwa damu sababu anaandaliwa upasuaji mdogo, karatasi ikaandikwa O hasi. Mtoto mwenyewe ni mweusi kuliko kaka yake, pua si ya baba wala ya mama, ndugu wa mume wameshapata la kusema na mume kanyamaza leo siku ya nne. Anauliza: "Hiyo O na hiyo hasi sisi wote hatuna, yeye katoa wapi? Na kama ni wetu mbona hafanani na kaka yake hata kidogo?"

Dada yangu, pole sana, na nianze na jibu lenyewe maana najua huna moyo wa kusubiri maelezo marefu: inawezekana kabisa. Wazazi wawili wenye A chanya wanaweza kuzaa mtoto wa O hasi bila mkono wa mtu mwingine yeyote, na karatasi hiyo ya maabara haimkatai mumeo hata chembe. Mi nimekaa maabara ya damu miaka mingi kabla sijaanza kufundisha, familia za namna hii nimeziona nyingi tu, na kila mara linaloniuma ni lilelile, mama anakaa siku nne anatazamwa vibaya kwa jambo ambalo wangekaa chini wakaelezwa dakika kumi lingeisha. Kwa hiyo kama mumeo yupo karibu mwite, msome wote wawili.

Shida yote iko kwenye neno moja ulilotumia, "hatuna". Mnazo. A chanya iliyoandikwa kwenye kadi zenu inasema kinachoonekana kwenye damu yenu, haisemi mmebeba nini, na mtoto harithi kile mzazi anachoonekana nacho, anarithi alichobeba. Hapa ndo wengi wanapopotea, tena hata watu waliosoma.

Ngoja nikupeleke pale mezani uone. Mpimaji anachukua kigae cheupe, anadondosha matone matatu, moja la bluu, moja la njano, la tatu halina rangi. La bluu lina kingamwili zinazokamata alama ya A, la njano zinakamata B, na lile lisilo na rangi linakamata alama inaitwa D, ambayo ndo hiyo chanya yenu. Kwenye kila tone anaongeza tone la damu yako, anakoroga na kijiti, anakitikisa kigae taratibu huku anaangalia. Damu yako kwenye lile la bluu haichukui muda inaanza kukatikakatika, inakuwa kama chenga nyekundu zinaelea kwenye maji, kwenye la njano inabaki laini vilevile, kwenye la tatu inakatika tena. Basi anaandika A chanya. Ya binti yako imebaki laini kwenye matone yote matatu, kwa hiyo O hasi. Sasa angalia, kipimo hiki kimejibu swali moja tu, alama ipo au haipo. Hakijauliza kama umeipata kwa mzazi mmoja au kwa wote wawili, na hakiwezi kuuliza, maana mwenye nakala moja ya A na mwenye nakala mbili damu zao zinakatika sawasawa hapo kwenye kigae.

Nimesema nakala, nieleze. Maelekezo yote ya mwili yameandikwa kwenye DNA, na DNA ya binadamu imefungwa kwenye kromosomu 46, yani jozi 23, kila jozi moja ya mama moja ya baba. Jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye kazi fulani, na kwa karibu kila jeni unayo nakala mbili, moja ulipewa na mama yako nyingine na baba yako. Jeni inayoamua A, B au O ipo kwenye kromosomu namba 9 na kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya, we kifikirie kama fundi mdogo anayebandika sukari juu ya chembe nyekundu za damu. Nakala ya A inatengeneza fundi anayebandika sukari ya aina moja, nakala ya B fundi anayebandika aina nyingine, ukiwa nazo zote mbili mafundi wote wanafanya kazi na unaitwa AB. Na nakala ya O? Hiyo ni nakala iliyoharibika. Ile ya kawaida zaidi imepungukiwa herufi moja tu, moja peke yake, na kwa sababu maandishi haya yanasomwa herufi tatu tatu, ikiruka moja kila kinachofuata kinasogea. Chukua sentensi hii: ALI ANA UTA HUO. Toa hiyo N halafu uendelee kusoma tatu tatu, unapata ALI AAU TAH UO. Fundi wa namna hiyo hajengeki, na sukari haibandikwi.

Kwa hiyo O wala si kitu cha ziada ambacho binti yako kaletewa na mtu kutoka nje, ni pahali patupu. Karl Landsteiner alipoyatenga magrupu haya kule Vienna mwaka 1901 hata hakuita O, aliita C, alichoona ni damu ambayo chembe zake hazikatiki kwa A wala kwa B, basi.

Sasa mtu mwenye nakala moja ya A na moja ya O inakuwaje? Fundi wa A yupo mmoja mzima, anatosha kabisa kuzijaza sukari chembe zote, ile nakala mbovu imekaa kimya pembeni. Kwenye kigae mtu huyu ni A. Kwenye kadi ni A. Ataishi mpaka uzee anaitwa A na ile O yake ipo ndani, nzima kama alivyoipokea, na siku akizaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipitisha hiyo badala ya A. Wewe ndo uko hivyo, dada. Hilo nakwambia kwa uhakika bila kukutoa hata tone la damu, kwa sababu binti yako asingeweza kuwa O bila kupewa O mbili, moja lazima umempa wewe. Tena na kwa upande wa chanya na hasi ni vilevile, mwenye chanya anaweza kuwa na nakala mbili za D au moja tu, na mwenye hasi hana hata moja. Kwa baadhi ya wenye hasi hiyo jeni ya D imefutika kabisa kwenye kromosomu, kwa wengine ipo lakini haifanyi kazi, zote mbili mi naziita pengo. Wewe una D moja na pengo moja, na lile pengo ndo ulilompa.

Mumeo akiwa kama wewe, yani A na O kwa upande mmoja, D na pengo kwa upande mwingine, hesabu inakwenda hivi. Kila yai linabeba nakala moja tu kati ya mbili, kila mbegu ya kiume vilevile. Zinaweza kukutana A na A, A yako na O yake, O yako na A yake, au O na O. Hali nne, kila moja ina nafasi sawa, tatu zinatoa mtoto anayeonekana A na moja inatoa O. Kwa hiyo O ni moja kati ya nne. Hasi nayo moja kati ya nne kwa njia hiyohiyo. Na kwa vile jeni ya D iko kromosomu namba 1 na hii ya A na O iko namba 9, hazifuatani, kila moja inapigiwa kura yake, kwa hiyo kupata zote mbili kwa pamoja ni robo ya robo, moja kati ya kumi na sita. Ni chache ukilinganisha na A chanya, lakini moja kati ya kumi na sita si muujiza na wala si ushahidi wa kitu chochote kibaya. Na huyo wa kwanza kutoka A hakujapunguza wala kuongeza nafasi ya wa pili, mimba haina kumbukumbu ya mimba iliyopita, mkizaa wa tatu mtaanza na robo ileile.

Jambo hili la kitu kupotea kizazi kimoja na kuibuka kingine lilihesabiwa zamani sana kabla mtu hajajua DNA ni nini, na mi huwa nalipenda kulisimulia maana linaonyesha kwamba hatuzungumzii nadharia ya juujuu. Gregor Mendel, mtawa aliyeishi Brno, sasa hivi ni Jamhuri ya Czech, kati ya 1856 na 1863 alikuwa anapanda njegere kwenye bustani ya monasteri na kuzichavusha mwenyewe kwa mkono. Akachukua ukoo wa njegere ambao miaka yote unatoa mbegu laini za mviringo akauchavusha na ukoo wa mbegu zenye mikunjo. Watoto wote wakatoka laini, mikunjo imepotea kabisa, ungedhani imekufa. Akawaacha hao wajichavushe wenyewe, halafu akakaa chini akahesabu mbegu moja moja, 7,324 kwa jumla. Laini 5,474, zenye mikunjo 1,850. Yani karibu tatu kwa moja, ile ile tatu kwa moja ya kwako na mumeo, na mikunjo ilirudi mizima kabisa kama ya bibi yake, haikuchujuka kwa kukaa kizazi kizima imejificha. Akawasilisha matokeo 1865, yakachapishwa 1866, watu hawakuyatilia maanani, akafa 1884, na ilibidi mpaka 1900 ndo watu wengine wayafufue.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba mwaka 1990 wanasayansi walipoitafuta jeni ya ile mikunjo walikuta ni nakala iliyovunjika pia, kuna kipande cha DNA kimejipenyeza katikati ya jeni ya kimeng'enya cha kutengeneza wanga, sukari inabaki nyingi, mbegu inavuta maji mengi, ikikauka inanywea na kujikunja. Na ni mwaka huohuo 1990 ndo ilipojulikana ile herufi moja iliyopotea kwenye O. Njegere na damu ya mtu, kanuni ni ileile, nakala moja nzima inaifunika iliyoharibika. Hesabu hii ndo pia ya ualbino na selimundu, wazazi wawili wazima wote wamebeba nakala moja kila mtu, robo ya nafasi kwa kila mtoto, na huko nako nimeona akina mama wakilaumiwa peke yao wakati haiwezekani kabisa mtoto akapata bila baba kuchangia nusu. (Selimundu ina la ziada, nakala moja haijifichi kabisa, inamkinga mwenye nayo dhidi ya malaria kali, ndo maana imeendelea kuwepo kwa wingi kule malaria ilikotawala.)

Kuhusu kutofanana, hapo tunaingia mahali pengine maana rangi ya ngozi, pua na urefu havina jeni moja kama damu. Chukua urefu tu, utafiti mkubwa wa 2022 uliotumia DNA za watu zaidi ya milioni 5 ulipata sehemu zipatazo 12,000 za DNA zinazosukuma urefu juu au chini, kila moja kidogo sana. Ngozi haina nyingi hivyo lakini nazo ni nyingi, zingine zinazidisha weusi zingine zinapunguza, na mzazi wa rangi ya katikati mara nyingi kabeba mchanganyiko wa zote. Mtoto mmoja anaweza kuokota zaidi zile za kuzidisha kutoka pande zote mbili, akawa mweusi kuliko baba na mama, mwenzake akaokota za kupunguza. Hakuna aliyeleta kitu kipya, ni mgao tu.

Na mgao wenyewe ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukitengeneza yai, kila jozi kati ya zile 23 inatoa moja, ya mama yako au ya baba yako, kwa bahati. Hiyo peke yake ni michanganyiko 8,388,608 kwa upande wako, na mumeo naye ana yake idadi hiyohiyo, ukizidisha unapita trilioni 70. Bado hapo sijahesabu kwamba kabla ya kugawana kromosomu za jozi zinalala sambamba, zinakatika na kubadilishana vipande, kwa hiyo kromosomu uliyompa binti yako si ya mama yako wala ya baba yako moja kwa moja, ina kipande cha huyu kimeungwa na kipande cha yule. Na hii sitaki uipite haraka: ubadilishanaji huo kwenye mayai ya mwanamke unafanyika akiwa bado hajazaliwa. Yai lililomtoa binti yako lilikatiwa vipande vyake wewe ukiwa tumboni kwa mama yako, likakaa miaka yote hiyo likisubiri. Ile pua unayosema si ya baba wala ya mama, katafute picha za wazee wa pande zote mbili, bibi zake na babu zake na ndugu zao, mara nyingi pua inapatikana.

Ndugu wa baba mmoja mama mmoja wanashirikiana nusu ya DNA, lakini hiyo ni wastani, walipopima jozi nyingi za ndugu mwaka 2006 wakakuta wengine wameshirikiana asilimia 37 hivi na wengine 62. Kuna ndugu wanafanana kama mapacha na kuna ndugu ukiwakuta njiani hutajua. Halafu kila mtoto anazaliwa na mabadiliko mapya kama 60 au 70 ambayo hayapo kwa mama wala kwa baba, makosa madogo ya kunakili, mengi zaidi yanatoka upande wa baba, na karibu yote hayana athari yoyote. Kwa hiyo hata neno "katoa wapi" lina majibu ambayo si mama wala baba, ingawa kwenye damu ya binti yako hatuhitaji kufika huko.

Nikwambie na upande wa pili ili mtu asije akakubana: grupu la damu linaweza kuonyesha kwamba fulani hawezi kuwa baba, lakini haliwezi kuthibitisha kwamba fulani ndiye. Mumeo angekuwa AB hapo ningekuwa na maswali, kwa sababu AB hana nakala ya O ya kutoa, na hata hapo ningerudia kipimo kwanza, maana kuchanganya chupa za damu hutokea, na kuna watu wachache sana wanaoonekana O kumbe A au B yao ipo ila msingi wa kubandikia sukari haupo, wa kwanza walielezwa Bombay mwaka 1952. Kesi maarufu ni ya mwigizaji wa filamu Charlie Chaplin, aliyeshtakiwa kwamba ndiye baba wa mtoto, miaka ya 1940 kule Marekani, mama alikuwa A, mtoto B, Chaplin O, yani B ya mtoto haikuwa na namna ya kutoka kwake, na bado baraza la mahakama likamtangaza baba. Damu ilishasema, watu hawakutaka kusikia. Kwenu nyinyi damu haijamkataa mtu, kwa hiyo asikwambie yeyote kwamba maabara imeshatoa hukumu. Mumeo akiendelea kuwa na wasiwasi kipimo kinachojibu swali hilo ni cha DNA, kimoja tu, na huo ni uamuzi wenu nyie wawili, si wa mashemeji.

Ila mi ningekuwa mahali pako ningetumia nguvu kwenye jambo jingine, upasuaji unaokuja. Mtoto wa O hasi akihitaji damu apewe O hasi. A haimfai kabisa, mwili wake una kingamwili za kuishambulia, na chanya nayo tunaiepuka, hasa kwa mtoto wa kike, kwa sababu mwili ukishajifunza kuichukia D hausahau. Maana yake wewe, baba yake na kaka yake, hakuna hata mmoja kati yenu anayeweza kumchangia. Yeye akiwa mkubwa ndo ataweza kuwachangia nyinyi wote watatu. Kwa hiyo kabla ya siku ya upasuaji muulize daktari kama O hasi ipo tayari, na mwombe wapime tena kwa sampuli mpya, ni utaratibu wa kawaida hawatakushangaa. Kisha liandikeni grupu lake kwenye kadi yake ya kliniki na mahali pengine ambapo halitapotea, maana siku akija kubeba mimba ya mtoto mwenye chanya atahitaji sindano ya anti-D, ya kuuzuia mwili wake usijifunze kuichukia hiyo D ya mtoto, kwa kawaida karibu wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, na lazima ajue mwenyewe kuisema.